Zaburi Iliyofundishwa kwa Pasi ya Mkaa

Uwanga wa muhogo, ule wa kukazia nguo, ukiguswa na pasi ya moto hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote, harufu iliyo baina ya mkate unaoanza kuungua na mvua ya kwanza juu ya ukuta wa chokaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba chetu, chumba cha chini katika nyumba kongwe ya mtaa wa Kiponda, katika miaka ya hamsini. Mama alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Pasi yake ilikuwa ya chuma kizito, ina jogoo mdogo wa shaba mbele ambaye ndiye komeo la kifuniko, na tumboni mwake iliwaka mikaa ya vifuu vya nazi. Juu ya meza yake zilipita kanzu za wafanyabiashara, suruali za makarani na vitambaa vya madhabahu vya kanisa letu, na kila nguo ilipewa heshima ile ile. Ukutani, juu kabisa karibu na dari, kulikuwa na tundu la mwangaza lisilo na kioo, na kwa tundu hilo ziliingia sauti za watoto wa chuo cha jirani yetu Bi Zuwena, wakisoma Kurani tangu asubuhi, sauti zikipanda na kushuka pamoja. Mimi nilikua baina ya harufu ile na sauti zile, na kwa muda mrefu nilidhani kila mtoto duniani hukua hivyo.

Nimeona niyaandike haya kwa sababu miezi michache iliyopita niliitwa, pamoja na wazee wenzangu, kusikiliza mafunzo ya malezi ya Kikristo katika ukumbi wa kanisa. Kijana aliyefundisha alikuja na picha zake za ukutani, akatueleza kwa kujiamini kwamba wazazi wa zamani hawakuwa na habari na kufundisha watoto mistari ya Biblia. Kwamba kazi hiyo waliwaachia walimu wa kanisa, nao walimu waliikaririsha kwa fimbo, na watoto wakaimeza bila mapenzi. Wazee wenzangu walitikisa vichwa kukubali. Mimi niliitumikia serikali maisha yangu yote ya kazi katika masjala, ambako jalada likiwekwa pasipo pake mtu hupoteza haki yake, na sikuweza kukaa nikatazama jalada la mama yangu likiwekwa pasipo pake. Nilinyanyua mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Basi nayasema hapa, ambako muda hauwezi kukwisha.

Ni kweli kwamba palikuwa na mwalimu wa kanisa. Jina lake lilikuwa Mwalimu Hezekia, mtu mrefu, safi, aliyetembea na mwavuli hata siku za jua, na kanisa letu sitalitaja kwa kuwa waliomo leo hawana kosa. Ni kweli pia kwamba alikuwa na fimbo. Kwake yeye mstari ulisomwa kwa namna moja tu: mtoto asimame wima, mikono ameibana ubavuni, macho mbele, atamkiwe maneno mara moja, naye ayarudishe kama alivyoyapokea. Kila mwaka, baada ya Pasaka, ilifanywa Siku ya Watoto, na wale waliofikia umri walisimama mbele ya waumini wakasoma kwa moyo Zaburi ya mchungaji na kondoo wake. Aliyeisoma mpaka mwisho aliandikwa kuingia darasa la watoto wadogo katika skuli ya kanisa. Asiyeweza alingoja mwaka mwingine, na mama yake alitazamwa kwa jicho ambalo kila mama wa kanisa letu alilijua na kuliogopa.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya mdogo wangu Luka. Mimi nilikwisha kupita, nilikuwa mtoto mwepesi wa kushika, sina sifa kwa hilo. Luka alikuwa mwingine. Alikuwa mchangamfu, mwenye maswali, anayeweza kukuhadithia kisa cha paka na panya kutoka Kiponda mpaka mtaa wa Malindi bila kupumua. Lakini ukimwambia simama wima useme mstari, maneno yalimtoka kama ndege waliorushiwa jiwe. Mama alimsimamisha kila jioni mbele ya meza ya pasi. Alimtamkia, akamngoja, akamtamkia tena. Luka alifumbua kinywa, akafumba, akatazama vidole vya miguu yake. Baba alikuwa mpishi wa afisa mmoja kule Chukwani na alirudi nyumbani Jumamosi tu, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya mama. Kila Jumapili wanawake walimuuliza mlangoni mwa kanisa, kwa sauti laini kabisa, kama Luka ameanza kushika, na mmoja alithubutu kusema kwamba mtoto atashika vipi neno la Mungu wakati anaamka na kulala na Kurani masikioni.

Jioni moja Bi Zuwena aliingia kuchukua kanzu za mumewe. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na aliingia kwetu bila ya kungoja hodi yake ijibiwe, kama sisi tulivyoingia kwake. Alimkuta Luka amesimama, shingo imekaza, machozi yanamlenga.

"Mama Agnesi," alimwambia mama, kwa kuwa mimi ndiye Agnesi, "mtoto umemkausha kama samaki ng'onda. Atasoma vipi?"

"Ndivyo Mwalimu anavyotaka, Bi Zuwena. Asimame wima."

"Basi na asimame huyo Mwalimu. Huyu mkalishe. Wangu mimi nikiwakaza hivi hawatoki kwenye alifu mpaka waote ndevu." Akaketi juu ya jamvi, kanzu mapajani, akamvuta Luka ubavuni pake. "Maneno yanataka mwendo. Mwache ayumbe. Na usimpe jipya mpaka aanze tangu mwanzo, kila siku, tangu mwanzo. Sisi tunaita kudurusu. Nyinyi mwaitaje?"

"Sisi tunaita tabu," alisema mama, na Bi Zuwena alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza upya. Mama hakuwa mtu wa kuiga ovyo. Alilifikiri jambo lile kwa siku kadhaa, akiinyunyizia maji nguo na kuikunja, kisha akalipanga kwa namna yake. Luka aliketi juu ya jamvi, miguu ameikunja, uso ameuelekeza kwenye meza. Mama alipiga pasi. Pasi ilipokwenda mbele alitamka nusu ya mstari. Iliporudi, Luka aliujibu, na mwili wake ukaenda na kurudi pamoja na mkono wa mama. Mahadhi yaliingia yenyewe kutoka tundu la ukutani, hakuna aliyeyaalika. Kila jioni walianza tangu mwanzo, wakaongeza kipande kimoja kidogo, kisha wakasimama hapo, hata kama Luka aliomba kingine. Mama alimweleza pia kila neno alilolisema. Bonde alimwambia ni kama uchochoro wa nyuma ya nyumba yetu wakati taa hazijawashwa. Fimbo ya mchungaji alimwambia si ya kumpiga kondoo bali ya kumpiga anayemjia kondoo. Luka aliuliza kama Mwalimu Hezekia anaijua habari hiyo. Mama alijibu kwamba anaijua, ila amesahau kidogo. Kabla kanzu za Sikukuu ya Idi hazijamalizika kupigwa pasi, mtoto yule alikuwa na Zaburi nzima kifuani, na aliisema akioga, akila, akitafuta kiatu chake.

Ikaja siku ya majaribio. Watoto walikusanywa kanisani, mama zao wamekaa nyuma, na Mwalimu Hezekia aliketi mbele na Biblia kubwa magotini. Alipoita, "Luka," mdogo wangu aliitika "Naam," akaenda mbele, na pale pale, juu ya sakafu ya kanisa, akakunja miguu akaketi. Kisha akaanza kuyumba. Aliisoma Zaburi yote kwa mahadhi ya chuo cha Bi Zuwena, kwa sauti ya juu, bila kukosa hata neno, na alipofika mwisho aliinuka, akaibusu Biblia ya Mwalimu, akaigusisha paji la uso, kama alivyoona wenzake wa upande wa pili wa ukuta wakiufanyia msahafu. Watoto wakapasuka kwa kicheko. "Ustadhi Luka," mmoja aliita, na jina hilo lilimfuata mitaani kwa muda mrefu.

Mwalimu Hezekia hakucheka. Alimtazama mama kule nyuma akasema, "Mama, mtoto huyu amesoma au amehitimu chuo?" Wanawake wakaficha vinywa kwa khanga. Kisha alisema kwa sauti ya utaratibu, ile sauti ambayo baadaye katika kazi yangu niliisikia kwa wakubwa wengi, kwamba neno la Mungu halisomwi kwa kuyumbayumba, kwamba asiyesimama wima hataitwa Siku ya Watoto, na asiyeitwa haandikwi skuli. Mama alisimama akajibu, "Nimesikia, Mwalimu." Alimshika Luka mkono, akanishika na mimi, tukatoka. Njia nzima mkono wake ulikuwa umekaza kama anabeba ndoo.

Nilidhani atamnyoosha Luka jioni ile ile. Hakumnyoosha. Jumamosi baba aliporudi kutoka Chukwani alikuwa amekwisha kuyasikia yote njiani, maana mji ule mtu hukutana na habari zake kabla hajafika kwake. Baba alikuwa mtu wa amani. Alisema, "Mama Agnesi, mnyooshe tu mtoto, yaishe. Neno ni lile lile."

"Nikimnyoosha litamwagika."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu tangu Kwaresima haijaanza. Akisimama anaogopa, na akiogopa hana neno. Mimi sikumfundisha Zaburi aiogope."

"Watu wanasema umemtia uchuoni kwa mlango wa nyuma."

"Watu hawajui ninapiga pasi nguo ngapi kwa siku," alisema mama, "lakini wanajua ninavyolea." Alifungua kifuniko cha pasi, akapuliza mikaa mpaka cheche zikaruka. "Luka atakwenda skuli mwaka huu, baba Agnesi. Na Bi Zuwena sitamfungia mlango. Yote mawili."

Siku ya Jumatatu aliviweka vitambaa vya madhabahu kichwani, vimenyooka kama karatasi, akenda navyo nyumbani kwa Mwalimu Hezekia, nami nikamfuata nikibeba vidogo. Wapo ambao wangevizuia vitambaa vile mpaka mtoto aandikwe. Mama hakuwahi kufikiri hivyo. Alimwamkia Shikamoo, akaitikiwa Marahaba, akavikabidhi, ndipo akauliza ni wapi ndani ya Biblia palipoandikwa jinsi mwili wa mtoto unavyotakiwa kukaa anapolisema neno. Aliuliza kwa adabu kamili, mikono ameikunja. Mwalimu alisema kwamba hilo ni jambo la utaratibu, si la maandiko. Mama akasema anaushukuru ukweli wake. Akaomba basi Luka aitwe kwa utaratibu huo huo, asimame wima bila kuyumba, na akishindwa ashindwe mbele ya watu. Mwalimu alifikiri kidogo, akakubali. Nadhani alitaka somo hilo lionekane na wote. Nami nikarudi nyumbani na hofu, kwa sababu nilijua kwamba Luka akisimama wima hana kitu.

Siku zilizobaki mama aliendelea kumsomesha Luka vile vile, amekaa, anayumba. Jambo moja tu alilibadili. Alimwambia, "Mwanangu, siku ile utasimama. Ukisimama, usimtazame Mwalimu, wala usiwatazame watu. Nitazame mimi." Luka alimuuliza kama atakuja na pasi. Mama alisema pasi itakuja.

Jumapili yenyewe kanisa lilijaa, milango yote imefunguliwa kwa joto. Wanawake tulikaa upande wa kushoto, na mama alichagua kiti cha mwanzo cha pembeni, ambacho kwa kawaida hakukalia. Watoto walisoma mmoja baada ya mmoja, wima kama nguzo, wengine kwa sauti isiyofika hata kiti cha pili. Luka aliitwa wa mwisho. Alikwenda mbele na shati lililopigwa pasi hata mikono ilikuwa haikunjiki. Alisimama, akaibana mikono ubavuni, akakaza shingo. Kinywa kikafumbuka, kikafumba. Nyuma yangu nilisikia mtu akivuta pumzi ya mtu aliyejua tangu zamani kwamba mtoto atashindwa. Mwalimu Hezekia alitoa saa yake mfukoni.

Ndipo mama alipoinuka. Hakutoka mahali pake wala hakunyanyua sauti. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya ubao uliokuwa mbele ya kiti chake, akaukunja kama ameshika mpini, akaanza kupiga pasi. Mkono ulikwenda mbele polepole, ukarudi, ukaenda, ukarudi, juu ya mbao tupu, mbele ya kanisa zima. Luka aliuona. Mwili wake haukutikisika hata kidogo. Macho tu ndiyo yaliyoyumba, yakienda na kurudi, yakiufuata mkono wa mama. Na Zaburi ikaja. Ilikuja yote, kipande kwa kipande, bila ya mahadhi lakini kwa mwendo ule ule, malisho na maji na bonde na meza, na alipoifikia ile fimbo ya mchungaji alimtazama Mwalimu Hezekia kwa huruma, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo, kisha akayarudisha macho kwa mama. Aliimaliza bila kukosa neno. Luka, kwa kuwa hakuna aliyemkataza hilo, alikwenda kwa Mwalimu, akaushika mkono wake akaubusu kama mtoto anavyombusu mwalimu wake katika mji wetu, Mkristo au Mwislamu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema.

Mwalimu aliutazama mkono wake mwenyewe. Halafu alisema, "Marahaba, mwanangu," akachukua kalamu, akamwandika.

Nje, alimfuata mama chini ya ukumbi wa mlango. "Mama, tulikubaliana asiyumbe."

"Hakuyumba, Mwalimu."

"Uliyumba wewe."

"Mimi hukunikataza," alisema mama. Nakumbuka kwamba Mwalimu Hezekia aliufungua mwavuli wake, akaufunga, akaufungua tena, na mdomo wake ukashindwa kubaki mkali. Mwaka uliofuata fimbo ilikuwapo bado, lakini watoto wadogo walikalishwa juu ya jamvi wakati wa kufundishwa, na hakuna aliyesema wazo hilo lilitoka wapi. Hilo pia nataka lijulikane.

Jioni ile Bi Zuwena aliita kwa tundu la ukutani, "Kahitimu?" Mama akajibu, "Kahitimu." Kule uchuoni, mtoto akifika mwisho wa somo lake kubwa, wenzake hula kitu kitamu kwa furaha yake, na Bi Zuwena hakuona sababu ya kumnyima Luka. Alileta sahani ya visheti vilivyovikwa sukari, akawaleta na wanafunzi wake wote, tukala pamoja baina ya kanzu zilizotundikwa, huku mama akituonya tusiguse nguo za watu kwa vidole vyenye sukari.

Luka alisoma, akawa fundi wa umeme, akazeeka. Sasa anaishi Fumba kwa mwanawe, na mimi naishi Kiembe Samaki na mwanangu na mkewe, katika nyumba nzuri ambayo kuta zake hazipitishi sauti ya jirani. Jirani huyo simjui jina. Sisemi hayo kwa kulalamika. Nyumba yetu ya Kiponda ilivuja, tena mama alizeeka mapema kwa moto wa pasi. Lakini hesabu iwe sawa. Sisi hatukuachiwa walimu wa kanisa. Tulifundishwa na mwanamke aliyekuwa kazini, kwa njia aliyoiazima kwa jirani yake bila kuona haya, na aliyekuwa tayari kusimama peke yake mbele ya watu wote ili neno lisimtoke mtoto wake. Kama hayo si mapenzi, basi yule kijana na picha zake anieleze mapenzi ni nini, na safari hii nitangojea zamu yangu mpaka nipewe.

Wiki iliyopita nilimkuta mjukuu wangu Nasari akijifunza Zaburi ile ile kwenye simu. Simu ilimsomea, ikamwonyesha nyota, na kila alipokosea ikamrudisha nyuma kwa kengele. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, shingo imekaza, machozi yanamlenga. Niliichukua simu nikaiweka juu ya kabati. Nikamkalisha juu ya mkeka, nikaketi kwenye meza ya kulia, nikaweka mkono juu ya kitambaa cha meza. Mkwe wangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni akitutazama.

"Mama, mbona mtoto anayumba hivyo?"

"Mwache," nilimwambia. Mkono ulikuwa umefika mwisho wa kitambaa, nikaurudisha polepole. "Nampigia pasi."